Tone Moja Mchana wa Ramadhani

Dada Halima,

Asalaam aleikum. Hali yako huko? Mgongo umepoa? Sisi hapa Koboko tuko wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha na muhogo wako wa kule mtoni umeshika. Watoto wako wanakula kwangu. Mdogo bado anakuwekea kikombe chako cha chai, nami namwacha.

Dada, iko neno sijamwambia mutu.

Unakumbuka ile Ramadhani ulipoanza kusinzia mchana, hata kisu cha muhogo kikiwa mkononi? Tulikucheka. Ukasema, "Mimi iko macho, nafunga tu dirisha." Halafu wakaja wale watu wa utafiti wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, wakaweka meza kando ya ukuta wa shule, wakaomba tone moja la damu ya kidole. Wewe ulikuwa umeshanyoosha mkono. Mimi nikaushika, nikaurudisha ndani ya kitenge chako. Nikasema, "Tumefunga. Damu ikitoka, saumu imeharibika. Ngoja Idi ipite."

Ukacheka. "Haya, shehe wa jikoni." Ukanifuata nyumbani. Wewe mkubwa, ukanifuata mimi. Na wanawake waliokuwa nyuma yetu kwenye mstari, nao wakarudi.

Idi ikapita, na wale watu walikuwa wameshahamia vijiji vingine. Nikakupeleka kusomewa dua, si kupimwa. Tulipokufikisha hospitali Arua ulikuwa hulijui tena jina langu. Daktari akasema malale yameshaingia kichwani.

Baada ya arobaini yako nikamwuliza shehe, shehe wa kweli. Akasema tone la kidole halivunji saumu, na mgonjwa Mungu mwenyewe amemruhusu kula. Neno dogo hivyo. Msikiti uko hatua chache kutoka mlango wangu, dada, na sikuuliza.

Siku hizi pale tunapofulia wamesimamisha vitambaa vya buluu vyenye dawa ya kuua mbung'o, yule nzi anayeleta malale. Akina mama walitaka kuving'oa wakashonee mito. Nimewakataza, na kila asubuhi napita kuvitazama. Wale watu wa utafiti nao sasa wanauliza kwanza: tuje lini, aseme nani? Niliwaambia, anzeni kwa shehe.

Ramadhani inarudi mwezi ujao, na wao wanakuja. Shehe atasema baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nitakuwa wa kwanza mezani, kidole changu mbele ya watu wote, na nikiwa pale nitawaeleza mkono wako niliurudisha mimi. Naogopa. Watoto wako watakuwa wanasikia. Lakini nakuahidi, nitasema.

Kwaheri, dada yangu. Mola akupanulie kaburi, akutie nuru.

Nijibu upesi. Njoo hata kwa ndoto, sema neno lolote. Ukiniita shehe wa jikoni, nitajua umenisamehe.

Mdogo wako,
Mariamu