Nafasi Mbele ya Jina la Exaucée

Goma, Majengo
Tarehe 12 Februari 2026

Mpendwa yaya Charline, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba. Kampala munaamkaje? Kikohozi cha mutoto kilipona? Huku tunapumua. Mama yako bado analala chumba kimoja na mama yangu. Muguu wake umepunguza kuvimba, lakini chakula anakigusa tu.

Unanijua, mbele ya watu maneno yananikauka. Hata kwa simu ulisema unasikia pumzi tu. Ndiyo maana ninaandika, na papa Swedi dereva atakuletea.

Shuleni tulipata mwalimu mupya wa kuchora, madame Umugwaneza. Anatufundisha kutengeneza pochette, ile karatasi ngumu ambayo albamu ya muziki inavaa. Siku hizi nyimbo zinauzwa ndani ya flashi, na madame anasema flashi haina uso, uso wake ni pochette. Tunajifunzia kwenye maboksi ya sabuni. Tunakunja kwa mugongo wa kisu ili karatasi isipasuke, tunachagua herufi ambazo hata muzee bila miwani atasoma.

Kazi yangu ndiyo ilichaguliwa iwe pochette ya albamu ya kweli. Cirimwami, ninayekaa naye dawati moja, akapiga kelele: "Artiste! Leo utaongea, ao tungoje uchore sauti?" Darasa lote likacheka, na mimi kidogo.

Lakini albamu yenyewe ni ya korali yetu ya kanisa, ile waliyorekodi Noeli ya mwaka juzi, kabla vita iingie muji. Wimbo wa tatu, anayeuanzisha ni mudogo wako Exaucée.

Upande wa mbele nilichora ngoma ya korali, ile yenye ngozi iliyoshonwa. Shida iko nyuma, kwenye majina ya waimbaji. Aliyekufa anawekewa kamusalaba mbele ya jina, ili mwenye kununua amuombee. Papa Wenceslas wa besi nilimuwekea, sisi wote tulimuzika. Papa Bashige, mukubwa wa korali, akasema na Exaucée pia, kwani mwaka umepita tangu apande pikipiki pale Kalengera akitoka Kiwanja kurudi huku, na hakuna aliyemuona tena, wala yeye wala dereva.

Mama yako Angèle alisikia. Akaja mezani, akaweka kidole juu ya jina.

"Bienvenu, ukimuwekea mutoto yangu musalaba, ni wewe utakuwa umemuzika."

"Mama," papa Bashige akasema polepole, "bila musalaba nani atamuombea?"

"Kwani wazima hawaombewi?"



Yaya, hii ninakuambia wewe peke yako. Mimi ninaamini alikufa. Madame alituagiza kusikiliza nyimbo kabla ya kuchagua rangi. Pale Exaucée anapovuta pumzi ili aanze, mukono wangu ulikuwa umeshaandika musalaba kwa penseli. Nikaufuta. Na kila jioni mama yako anakataza tufunge komeo ya mulango, ati mutoto asikute kumefungwa. Akisinzia, mimi ndiye ninaenda kuifunga.

Sasa mbele ya jina lake kuna nafasi tupu, upana wa musalaba. Madame hapendi nafasi isiyo na kazi. Alileta rula, akaniuliza, "Na hii ni ya nini?" Nikamuonyesha jina kwa kidole. Akasoma jina, akarudisha rula ndani ya mufuko.

Tutachapisha juma lijalo. Wewe na yeye mulitoka tumbo moja. Nijibu kwa mukono wa papa Swedi, niweke ao nisiweke. Jibu lisipofika, itachapwa vile, na nafasi yake.

Mama yangu anakusalimia sana, na Asma jirani, na Kaswera ambaye sasa anavaa viatu ulivyomuachia. Mungu awafunike wewe na mutoto, na alinde kila barabara munayopita.

Habari ya komeo, mama yako asiijue.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,
Bienvenu