Mbegu Chini ya Dirisha

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linajua mvua inakuja kabla ya redio. Kifua chako kimepona? Usinidanganye, mwandiko wa barua yako ya mwisho ulikuwa wa mtu anayekohoa.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu hapa. Lile tuta la maua chini ya dirisha la sebule, nililolipalilia kwa mikono yangu mwezi wa kumi na mbili mpaka likabaki jeusi tii, limeota vitu. Si maua yangu. Sikuvipanda, sikuomba mbegu kwa mtu, na hakuna aliyenibishia hodi. Vimesimama pale kama ndivyo vyenye nyumba.

Ukiniuliza mimi, hii ni kazi ya Bwana Kamba. Unamkumbuka, jirani yetu mstaafu anayetembea na kamba mfukoni akipima kila kitu, hata kivuli cha nyumba yake. Wiki mbili zilizopita nilimkuta ameinama kwenye ua akichungulia kwangu. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema kofia yake. Kofia ilikuwa kichwani. Mimi si mtoto wa juzi, mwanangu. Mtu akitaka kumega ardhi ya mwenzake huanza kwa kupanda kitu mpakani, kesho akadai mpaka ni pale kilipoota. Tena anajua sina hati ya kumwonyesha, maana hati ya nyumba hii kaka yako aliondoka nayo wiki moja tu baada ya kumzika baba yenu. Hapo usinijibu. Nilishasema, na nilisema mbele za watu, mlango huu asiukanyage. Mwaka wa tano sasa.

Nimekuwekea majani matatu, nimeyakausha kwa pasi. Kazi yako ni kukaa siku nzima ukichambua magugu kwenye mbegu za watu, basi nichambulie na haya. Nataka majina, ili nikimwendea Bwana Kamba niende na ushahidi.

Mama yako, ambaye bado anaona vizuri


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, na ni kweli nilikuwa nakohoa. Sijui hata umelionaje kwenye karatasi. Pole na goti, usipige magoti kwenye lile tuta, tumia kile kigoda cha jikoni.

Majani yako yamefika, lakini pasi ilikuwa ya moto mno. Mawili yamekuwa vumbi la kahawia ndani ya bahasha, na mwenzangu wa meza ya pili alicheka mpaka akaangusha kibano. Moja limepona. Hilo ni mnavu, mboga ile ile uliyokuwa ukituchemshia. Ndege hula tunda lake, kisha huangusha mbegu pale anapotua. Kwa hiyo mshitakiwa wako wa kwanza ana mabawa.

Kwa hayo mengine naomba mbegu. Jani linaweza kukudanganya, likiwa changa linafanana na majirani zake wote. Mbegu haidanganyi. Hapa mezani tunamwaga sampuli ya gunia kwenye sinia jeupe, tunashika kioo cha kukuzia, na punje moja ya gugu ikijificha kati ya elfu tunaijua imetoka wapi. Subiri mimea ikomae, uzikaushe kivulini, uzifunge kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Na uniambie yameota wapi hasa, kwa sababu mahali gugu lilipoota panasema mengi.

Kabla ya hapo usimwendee Bwana Kamba, nakuomba.

Kuhusu kaka sijibu, kama ulivyoagiza. Ila kutojibu si kukubali, Mama.

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, na kigoda nimekitumia, usije ukasema sisikii.

Mbegu hizi hapa, nimezitia kwenye bahasha ndogo za dawa nikaziandika nambari. Ya kwanza ni vijisindano vyeusi, vimenichoma kidole. Ya pili ni vitufe vidogo vya miba. Ya tatu ni punje ngumu yenye pembe, imetoboa kandambili yangu nzima. Ya nne ni nyasi yenye manywele inayoingia kwenye nguo na haitoki.

Sasa nisikilize. Bwana Kamba nimemwondolea shaka, lakini nusu. Jana nilitoa hati, nikapima kwa hatua kutoka ukuta wa sebule mpaka kwenye ua kama ilivyoandikwa. Ua uko pale pale, hajausogeza hata kidole. Nilisikitika kidogo, maana maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Tena magugu yenyewe hayako mpakani kabisa. Umenifanya nikaangalie vizuri, na sasa silali. Yamejikusanya mahali pamoja, mbele ya kile kibaraza chembamba cha saruji chini ya dirisha. Yameota kulia na yameota kushoto, na katikati pako wazi, upana wa miguu miwili ya mtu mzima. Saruji ya hapo imesuguliwa ikawa safi, wakati kwingine kote ina kuvu. Kuna mtu anakuja kukaa chini ya dirisha langu. Anakaa kwa muda mrefu, na anakaa mara kwa mara. Mimi niko ndani peke yangu na kuta nne, na mtu amekaa pale ananisikiliza. Ananipigia hesabu natoka saa ngapi, nalala saa ngapi. Naogopa, mwanangu, wewe nakwambia lakini mama yako mdogo sitamwambia, atanihamishia kwake.

Nimemwita fundi. Jumamosi ya tarehe 19 anakuja kusimika vipande vya chupa kwenye kibaraza kizima. Anayependa kukaa na akae juu ya chupa. Magugu nayo nimeyanunulia dawa.

Mama yako


9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu nyingine zote nitakupa chini, leo naomba kwanza unisikilize. Mzuie fundi asije. Barua hii nimeituma kwa basi ili ifike mapema, maana wewe huna simu, na mama mdogo hutaki ajue.

Mbegu zako nimezimwaga kwenye sinia langu wakati wenzangu wamekwenda kula. Namba moja ni kishonanguo, kila sindano ina meno mawili ya kushikia. Namba mbili hapa kazini tunaiita king'ang'anizi, vitufe vyake vinapenda soksi. Namba tatu ni mbigili, inasafiri kwenye soli. Namba nne ni nyasi ya porini, inajishona kwenye pindo la suruali. Ukiziangalia moja moja ni magugu ya kawaida. Ukiziangalia zote nne pamoja, hakuna hata moja inayorushwa na upepo, na hakuna anayoiangusha ndege. Zote husafiri kwa kumpanda mtu. Aliyezileta anatembea kwenye pori refu kwa siku nzima, si kwenye mitaa yenu.

Na sasa fikiria vile zilivyoota. Mwizi mwenye vishonanguo kwenye suruali huingia navyo. Hakai chini kuvitoa kimoja kimoja, akivitupa kulia na kushoto. Nani anafanya hivyo, Mama? Unakumbuka sheria yako? Hakuna aliyeruhusiwa kuingia sebuleni na mbegu kwenye nguo. Tulikuwa tukikaa kwenye kibaraza hicho hicho tukizing'oa, na wewe ukichungulia dirishani na kuuliza, "Umemaliza?" Kisha unatugeuza mbele na nyuma kabla ya kutupisha. Baba mwenyewe ulimgeuza. Katika dunia hii walikuwepo watu watatu wanaojitoa mbegu kabla ya kuingia kwako. Baba tumemzika. Mimi niko huku.

Ulinikataza nisimtaje, hukunikataza nisisome barua zake. Tangu mwaka jana anafyeka vichaka chini ya nyaya za umeme, upande wenu, na mapumziko yake ni Jumapili. Jumapili mchana wewe hujilaza na redio ikiwa juu. Hajaniambia kwamba anakuja. Lakini huo mmea uliokomaa una miezi si chini ya mitatu, Mama. Nadhani anakaa pale anasikiliza redio pamoja na wewe, anajitoa mbegu zote kama ulivyomfundisha, halafu haingii.

Jambo la mwisho, na mstari huu nimeusoma mara nne ili niwe na hakika. Umesema ulitoa hati ukapima. Mama, hati ipi?

Binti yako


5 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Hali yangu nzuri, ila moyo hautulii. Karibu mwezi sasa sijapata hata mstari. Nilimpigia simu mama mdogo, akasema u mzima, unakula, na hutaki kuzungumza na mtu.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Niambie kitu kimoja tu, zile chupa fundi alizisimika au hakuzisimika. Kila Jumapili ikifika nashindwa kula.

Binti yako


16 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya. Sikukukasirikia. Nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima haina pa kuwekwa.

Hati ni ile ile. Haikuibwa. Baba yenu aliificha nyuma ya picha yetu ya ndoa, kati ya picha na ule ubao wa nyuma, bila kuniambia, maana naye hakuniamini sana na mambo ya makaratasi. Kioo cha picha kilipopasuka nikaikuta. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu nilijua kwamba kaka yako hakuchukua chochote, na nikanyamaza. Kila mwezi nilijiambia nitamwandikia mwezi ujao. Nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya wajomba zake, mbele ya majirani, kaburi la baba yake halijakauka. Ningeanzia wapi? Ikawa rahisi kuendelea kumlaumu. Nimewashuku watu wote wa mtaa huu, mwanangu, na wa kushukiwa alikuwa mimi.

Barua yako ililala ofisi ya basi siku kadhaa, ikanifikia Ijumaa. Kesho yake fundi akaja na gunia la chupa zilizovunjwa. Nikamwambia asisimike hata moja, apake saruji mpya tu na ailainishe vizuri. Akaniuliza kama nimepata nafuu. Dawa ya magugu nimeimwaga chooni.

Jumapili nikawasha redio kama kawaida, nikajilaza kama kawaida, macho wazi. Hakuja mtu. Jumapili ya pili hakuja mtu. Ya tatu pia. Nikajua saruji mpya imemtisha, kaona kibaraza kimeguswa akadhani nimegundua. Hapo ndipo nilipomwendea Bwana Kamba, kwa upole, ukiweza kuamini. Akakiri. Anamwona kaka yako tangu mwezi wa kumi na moja. Ile siku ya kofia alikuwa akichungulia kama kaka yako ameshaondoka, nisije nikamkuta. Akasema, "Mama, hakuwa akifanya ubaya, alikuwa akikaa tu."

Jumapili iliyopita, saa tisa, redio inasoma matangazo ya vifo, nikasikia mtu anakaa. Goti lake lililia kama langu. Kisha nikasikia zile kucha, zinakwaruza nguo, polepole, mbegu moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, hata mengine nimeyaandika nyuma ya kalenda. Yote yakapotea. Nilisimama nyuma ya pazia, na lililonitoka ni lile la siku zote.

"Umemaliza?"

Kucha zikanyamaza. Nikadhani atakimbia, na ningekufa pale pale.

"Bado, Mama."

"Ingia hivyo hivyo."

Aliingia, mwanangu. Amekonda, ana mvi, na suruali imejaa uchafu mpaka magotini. Nilimwekea hati mkononi nikamwambia nimeikuta wapi na lini. Sikujipunguzia hata mwaka mmoja. Aliisoma yote, hata mihuri. Hakunifokea. Aliikunja, akairudisha mezani, akanywa maji, akasema basi lake linaondoka saa kumi na moja. Mlangoni nilimwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, lakini sikuelewa kichwa kile kilikuwa kinasema nini. Hakusema atarudi.

Wewe unayejua vitu kwa kuvitazama, niambie, mtu akiitikia kwa kichwa vile amesamehe au amechoka?

Mama yako


24 Juni

Kitindamimba wangu,

Salamu. Goti limekataa dawa mpya, nimerudishiwa ya zamani. Barua yako niliipata. Umesema hujui, na nimekushukuru kwa kutonidanganya.

Jumapili tano hakuja. Ya sita, yaani juzi, mama yako mdogo aliugua ghafla ikabidi niende kwake. Ni mafua tu, wala usihangaike. Kabla ya kutoka nilisimama na ufunguo mkononi kwa muda mrefu. Unanijua, mimi hufunga hata nikienda kuanika nguo. Nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikaurudishia mlango tu, na redio nikaiacha inaongea.

Nilirudi jioni. Bwana Kamba kanidaka getini, kaniuliza inakuwaje naacha nyumba wazi siku hizi. Nimemwambia apime kamba yake.

Ndani hakuna kilichoibwa. Kwenye beseni kuna glasi moja iliyooshwa, imefunikwa. Na kochi la baba yako, lile lililo karibu na redio, limejaa mbegu kuanzia pindo mpaka kwenye mto. Hakutoa hata moja.

Sijazifagia. Nimekuwekea chache humu ndani ya bahasha. Usihangaike kunitafutia majina yake, hizi nazijua.

Mama yenu