Mama, Usimwombee Tena Arudi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Tabora? Najua utasema halijambo hata kama unalikokota, maana wewe kuugua hukubali. Sisi huku Babati tu wazima. Asha anakula vizuri, cherehani inatupa riziki, na mvua imenyesha mpaka njia yetu ya Bagara imekuwa matope matupu.

Naomba usikilize barua hii mpaka mwisho. Usimwambie baba mdogo aichane kama ile ya kwanza. Ni habari za kaka Yasini.

Ijumaa ya wiki juzi nimerudi kutoka sokoni, jirani yangu Mama Filipo akaniita uani. Huyu ni Mlutheri, mkulima wa mahindi, mambo ya mashetani hana kabisa.

"Mama Asha, kaka yako alikuja. Nimemkaribisha chai, kakataa. Anasema amechoka kutembea, mama yake anamwita kila alfajiri."

Nikacheka. "Nani kakwambia nina kaka?"

"Si yeye mwenyewe! Kasema anamtafuta Chiku."

Mama, hapa Babati hakuna anayelijua jina hilo. Yasini peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Nilipofika barazani kwangu nikakuta alama za miguu mitupu, za vumbi jekundu, kavu, na mvua bado inanyesha! Nikafagia. Ijumaa iliyofuata zikarudi, safari hii zimeingia mpaka ndani. Zimeishia juu ya mswala wangu, zote mbili zimeelekea kibla.

Nimekwenda kwa imamu. Nilimweleza alivyotupigia simu Hamisi, yule waliyekuwa naye kwenye lori la kwenda Afrika Kusini, akilia kwamba Yasini alikata roho njiani, wakamfukia kando ya barabara wakakimbia. Hakuoshwa, hakuswaliwa. Imamu anasema mtu kama huyo huswaliwa swala ya ghaibu. Watu husimama bila jeneza mbele yao, takbira nne, hakuna rukuu wala sujudu. Yeye yuko tayari. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri, kwa sababu ulisema nikimswalia mwanao aliye hai nisikuite tena mama. Maneno hayo yaliniuma sana.

Wewe humwombea kila alfajiri arudi. Sasa anarudi, Mama. Ninaogopa, tena namwonea huruma, kwa sababu hana pa kufikia.

Msalimie baba mdogo anayekusomea haya, na shangazi anayekukanda goti. Mama Filipo naye anakusalimu sana, anasema amemwombea Yasini kwa dini yake.

Nipe ruhusa tumswalie Ijumaa hii. Na kesho alfajiri ukiinua mikono, usiseme tena "mrudishe". Sema "mpokee".

Binti yako,
Zuhura