Siku Tuliyochagua Mbao za Choo cha Kanisa

Jumamosi, Dundori. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na nguo nilizoanika nimezirudisha ndani na maji yake. Hata nguvu ya kulalamika sina. Leo nimeshtuka mara mbili, na ile ya kwanza sasa naiona kama mchezo.

Wacha nianze na hiyo ya mchezo.

Kanisa letu linajenga vyoo vipya, vya kuflashi kwa maji, na mimi niko kwenye kamati ya ujenzi, mama peke yangu kati ya wazee. Kazi ya leo ilikuwa kuchagua mbao za kutenganisha choo kimoja na kingine. Fundi alikuwa amesimamisha kimoja cha mfano tuone. Mbao zimeishia karibu na magoti, juu ni wazi, na kati ya mlango na fremu kuna mwanya ambao kidole kinapita. Mwenyekiti wetu, Mzee Kariuki, alizipenda papo hapo. Alisema sakafu itaoshwa kwa mpira wa maji bila shida, na watoto hawatajifungia humo wakicheza.

Halafu akasema mtu aingie ajaribu. Wote wakaniangalia mimi.

Basi nikaingia, nikafunga komeo, nikaketi na sketi yangu vile vile. Kabla hata sijajiweka sawa, nikasikia Mzee akiita, "Mama Shiku, kuko aje huko?" Nikainua macho. Kupitia ule mwanya niliona jicho lake, kofia yake na nusu ya masharubu. Hakuwa anachungulia, haki. Alikuwa amesimama tu pale mtu anaposimama akingoja zamu yake. Na alikuwa ananiona kutoka kichwani hadi viatuni.

Nilikuwa nimevaa kila kitu na bado nikavuta sketi.

Nikatoka nikicheka. Wazee wakacheka, mmoja akasema viatu vyangu vinajulikana kanisa zima kwa hivyo hakuna haja ya mtu kubisha. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Utasema nini kuhusu choo, ukiwa mama peke yako mbele ya wazee? Wakakubaliana fundi aanze kukata mbao Jumatatu.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama. Mama anaishi na mimi tangu afanyiwe opareshoni ya utumbo, ile iliyomwachia mfuko tumboni wa kupokea choo. Anapenda sana vituko vya kanisani. Yeye mwenyewe hajaenda tangu mwaka jana, magoti yanamsumbua, siku hizi anasikiza ibada kwa redio. Nikaigiza sauti ya Mzee, nikaigiza na lile jicho.

Mama hakucheka. Aliendelea kumenya viazi, kisha akaweka kisu chini.

Akaniambia magoti yake hayana shida kubwa hivyo.

Akaniambia kwamba ile Jumapili yake ya mwisho, mfuko ulijaa katikati ya mahubiri. Akaenda kwenye vyoo vya zamani, vile vya mbao zilizopasuka, akainua nguo, akainama kuumwaga, na hiyo si kazi ya haraka. Nje kulikuwa na mtoto anangoja na mama yake. Mtoto akachungulia kwenye ufa, akasema kwa sauti kwamba huyu shosho ana mavi kwa mfuko. Alinyamazishwa, lakini foleni nzima ilikuwa imesikia. Mama alikaa humo ndani mpaka watu wote wakarudi kanisani, halafu akatokea lango la nyuma akaja nyumbani kwa miguu.

Mimi nilikuwa wapi? Kwenye kwaya, naimba.

Mwaka mzima nimekaa na huyu mama nyumba moja. Nimemnunulia dawa ya kuchua magoti. Namchua kwa mikono yangu mwenyewe na yeye ananishukuru.

Nikamwambia nitaieleza kamati. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usithubutu kunitaja," akasema. "Afadhali nikae na redio yangu."

Kwa hivyo nina sababu moja tu ya maana, na siwezi kuisema. Na mbao zikishakatwa, hakuna mtu kwenye ile kamati atakayekubali kununua zingine.

Nimezunguka hapa jikoni mpaka chai ikafurika, kisha nikampigia Mzee Kariuki. Nikamwambia sizitaki zile mbao. Nataka zinazofika chini na zinazofika juu, na mlango usio na mwanya. Akaanza tena habari ya mpira wa maji. Nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu wa umri wake. Nikasema basi kesho baada ya ibada aingie yeye, afunge komeo, akae, na sisi akina mama wote tusimame nje pale aliposimama leo. Nitawaita mimi mwenyewe.



Akakohoa, akasema hakuna haja ya kungoja kesho, wacha ampigie fundi sasa hivi.

Bado sijui hayo maneno niliyatoa wapi. Mama alikuwa anasikia yote kutoka chumbani kwake. Ameniuliza tu, kwa sauti yake ya kawaida, kama ibada ya kwanza bado inaanza saa mbili, na kama hivyo vyoo vitakuwa tayari kabla ya Krismasi.

Fundi hajasema vitakwisha lini. Mama nimemjibu ndiyo.