Ubuyu Ndani ya Mkeka

Kinondoni, Jumapili, masika ya 1999

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Nguo nilizoanika jana zimelowa tena kambani na sina hata hamu ya kuzianua. Leo nimemdanganya mtu mzima, tena aliyenilea.

Nianze na mkeka. Shangazi Mwajuma, wa Tandika, aliusuka tangu Ramadhani, zambarau na kijani, akiwa amekaa mlangoni kufuata mwanga maana macho yake siku hizi yanamsumbua. Niliupiga picha, jamaa wa duka la intaneti akaiweka kwenye ukurasa ninapouzia vitu, na mama mmoja wa Uswidi akaununua. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa. Mkeka wake, Ulaya!

Sasa mimi nimekulia sokoni. Sijawahi kumuuzia mtu kitu bila kumtilia nyongeza. Nikafunga ubuyu wa rangi nyekundu kwenye gazeti, nikauviringishia katikati ya mkeka. Posta, karani akaniuliza, "Dada, humo hamna chakula wala mbegu?" Nikamjibu hamna. Ubuyu kwangu si chakula. Na zile mbegu nani anazipanda? Tunamung'unya, tunatema.

Lakini nisijitetee sana. Nilipomjibu niliangalia pembeni. Nilijua nikisema ukweli ataniambia nifungue mzigo, na mimi nilikuwa na haraka zangu.

Juzi nikakuta barua pepe ya yule mama. Watu wa forodha wa kwao walifungua mzigo, wakakuta mbegu ambazo sikuzitaja, tena zimeingia wadudu. Wamechoma vyote. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mkeka wa Shangazi umekuwa majivu kwa ajili ya ubuyu wangu.

Leo nimekwenda Tandika nimejipanga kabisa kumwambia. Nikakuta majirani wawili wamekaa naye barazani. Hata sijavua viatu, Shangazi akaniuliza, "Haya mwanangu, wenyewe wameutandika wapi?"

"Sebuleni, Shangazi."

Likanitoka hivyo hivyo. Akawageukia wenzake, "Si niliwaambia mie?" Nikakaa, nikanywa chai yake, nikala na vitumbua vyake. Sina haya.

Nilipoaga akaniita chumbani, akanionyesha ukindu mpya alioutia rangi. Ameshaanza mkeka mwingine, hakuna aliyemtuma, anasema watu wanaojua kutunza vitu wasukiwe. Kisha akanitia mkononi kifurushi cha gazeti.

"Safari hii nyongeza nawatilia mie mwenyewe."

Sikuhitaji kukifungua. Rangi nyekundu ilikuwa imeshapenya kwenye karatasi.

Kipo hapa mezani, sijala hata punje moja. Kesho nakirudisha Tandika, mvua inyeshe isinyeshe. Shikamoo najua itatoka. Ninachoogopa ni neno litakalofuata.