Yaya, Sakafu ya Masomo ya Cité

Yaya wangu, dada yangu mukubwa,

Mutoto wangu Georgette njo anaandika, mi ninasema. Anataka kunyoosha maneno yangu, nimemukataza. Tangu ulienda kijijini Kasomeno na mujukuu wako Kalenga, nyumba yako imekamatwa na bantu basiojua kusalimia.

Kila mwaka masomo ya cité, shule ya sisi beusi, ilipokaribia kufunguliwa, mi na weye tulikuwa mbele, bamama ba cité nyuma. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukachanganya na majivu, tukakandika sakafu ya batoto betu. Ulikuwa unanicheka: "Mudogo, ile ni udongo ama bukari ya kula? Pakala, usionje." Mwalimu mwenyewe alivua viatu mbele ya kuingia.

Kiisha bamasœur ba misioni bakamukubali Georgette kwenye masomo ya batoto ba Bazungu, ile ya kulipa. Bwana wa serikali alikuja kwanza kuangalia vitanda vyetu na choo, aone kama tunaishi sawa Bazungu. Mwaka ule ulisimama mulangoni kwangu na beseni ya udongo kichwani. Nilikuwa ninapiga pasi robe mupya ya Georgette ya kuvaa kwa bamasœur. Nikasema, "Mi siko na mutoto kule tena."

Ukauliza, "Na Kalenga ni mutoto wa nani?"

Nikarudisha pasi kwenye robe, ilikuwa ingali ya moto.

Bamama bakaona nimekaa nyumbani, bakakaa nabo. Bibi wa karani akapeleka batoto bake kwa bamasœur, bibi wa infirmier wa hospitali akamufuata. Na sisi bale tulitoka njo tulikuwa tunajua kuenda kwa padri mukubwa wa masomo kusema paa inavuja, chaki imeisha. Bale balibaki, padri hakubasikia. Sakafu ikapasuka, funza zikaingia batoto kwenye vidole, mwalimu akatafuta kazi kwa kampuni. Kalenga akaacha masomo hajajua kuandika jina lake. Ukamubeba, ukaenda, bila kunigombeza. Afazali ungenigombeza.

Georgette akisoma Kifaransa chake kwa sauti, ninafurahi mpaka ninacheka peke yangu. Kiisha ninawaza Kalenga, na chakula kinanishinda.

Ningependa kukuambia nitamutoa Georgette kwa bamasœur. Sitamutoa, yaya. Hata leo bangenipa tena ile nafasi, ningeikamata na mikono mbili, na ningejua ninamunyang'anya nani.

Georgette ameacha kuandika, ananiangalia. Nimemuambia: andika.

Mushikie Kalenga kichwa kwa ajili yangu. Ukikasirika, kasirika, lakini usiache kuniita

mudogo wako.