Matembezi Hadi Katikati ya Uwanja

Nyumba Na. 412, Mtaa wa Aspen,
Vesterdal, Minnesota.
2 Machi

Mpendwa Shangazi Solveig,

Hujambo huko Kodiak? Goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi ni wazima. Baba amepona kikohozi, na Mama bado anampikia kila jirani anayepiga chafya. Theluji imefika madirishani.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza kama bado natembea nimejikunja. Sikukujibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Urefu nimeurithi kwako, Shangazi, ila ujasiri wako haukuja nao. Nina miaka kumi na mitatu na nawapita karibu walimu wote. Brock Vandersteen hunisalimia kila asubuhi, "We Mlingoti, huko juu kumeshakucha?" Darasa hucheka, nami huzidi kuinama.

Wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha hapa mjini huja shuleni kwetu kila Jumatano, kusoma nasi na kula nasi. Mmoja wao ni Latrice Boykin, mtu wa Mississippi, anayenipita kwa kichwa kizima. Siku ya kwanza alimsikia Brock, akaja kuketi karibu nami. "Mimi kwetu waliniita Ngazi," alisema. "Halafu taa ya kanisani ikaungua, na mimi pekee ndiye niliyeifikia. Siku hiyo nikawa Dada Latrice." Tangu hapo, kila tukiagana hunigusa mgongoni kwa kidole, nami hunyooka mpaka mlango ufungwe nyuma yake.

Januari Brock aliniambia kwamba wachezaji hawaji kwa kutupenda, kocha ndiye anayewalazimisha. Maneno hayo yalinikaa kama mwiba. Nikamuuliza Latrice mwenyewe.

"Mwanzoni kocha alinituma, kweli. Nilinuna njia nzima. Siku hizi hata hajui Jumatano niko wapi."

Nilitaka kumwamini. Lakini anamaliza chuo mwaka huu, na anayeondoka huweza kusema lolote la kupendeza.

Ijumaa iliyopita walicheza mechi ya mwisho ya nyumbani. Unaukumbuka mtindo wetu: wanaomaliza hutembea na wazazi wao hadi katikati ya uwanja, na kila mmoja humpa mama yake ua. Mama yake Latrice aliomba ruhusa kazini tangu vuli, lakini tufani ya theluji ilifunga kiwanja cha ndege, akakwama njiani huko Memphis. Mama yangu aliposikia alifanya kama kawaida yake: alipeleka bwenini sinia la tambi na samaki wa kopo, la kuoka kwenye oveni, mahali pasipo na oveni. Latrice alicheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka; Mama alishindwa kuniambia.

Jina lake liliitwa mwisho. Alisimama pembeni peke yake, ua la njano mkononi. Kocha alianza kumwendea, lakini yeye akatikisa kichwa na kuinua macho jukwaani. Nilikuwa nimejikunja nyuma ya Brock.

"Marit Tollefson! Nakuona! Shuka!"

Nilitamani sakafu inimeze. Brock aligeuka, na safari hii hakucheka. "Nenda bwana, Mlingoti. Anakungoja."

Nilishuka. "Watu wote wananitazama," nilimwambia Latrice nilipomfikia.

"Waache watazame. Wamelipa kiingilio."

Akanishika mkono. Nilisubiri kile kidole mgongoni, Shangazi, lakini hakikuja. Tukaanza kutembea, na mahali fulani kabla ya kufika katikati nilinyooka mwenyewe. Ua hakunipa, amelihifadhi kwa ajili ya mama yake, hata likikauka. Nilifurahi kwamba hakunipa. Sasa sijiulizi tena nani alimtuma kwetu.

Baba anakusalimu sana, na bibi Ragna anauliza lini utamletea samaki wa moshi. Nisalimie mjomba Einar na binamu Tove.

Nimekuwekea picha aliyopiga Mama. Latrice anaonekana mpaka kidevuni tu, na mimi paji la uso limebaki nje ya picha. Usimlaumu Mama. Alilenga kamera pale kichwa changu kilipozoea kuwa.

Mungu akulinde barabarani na barafuni.

Akupendaye siku zote, binti wa kaka yako,
Marit